Nani Alishika Tepu?

Mtaani walimwita Bi Mkasi, na wala si kwa ubaya. Alikuwa fundi wa suti na makoti, mwanamke wa miaka sitini na minne, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi nyuma ya shingo. Mkasi wake mkubwa wa kitambaa hakuna aliyethubutu kuuazima. Ulitaka kumkorofisha? Kata karatasi kwa mkasi ule. Marehemu mumewe alifanya hivyo mara moja tu katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa, na kisa hicho kilisimuliwa hata siku ya mazishi yake, watu wakacheka huku wanajifuta machozi.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu kinachotazama barabara. Mlikuwa na vyerehani viwili, meza ya kukatia, kioo kilichopasuka kona ya chini, na kabati la mbao lililosheheni madaftari. Hayo madaftari ndiyo yaliyokuwa mali yake hasa. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake, na kila ukurasa ulikuwa na vipimo kumi na viwili, kuanzia shingo mpaka kifundo cha mguu. Bi Mkasi alizisoma kurasa hizo kama wengine wanavyosoma magazeti. Alijua nani alinenepa baada ya kustaafu, nani alikonda mwaka ule alioachwa, na bega la mwalimu gani lilishuka upande mmoja kwa kubeba madaftari ya wanafunzi. Hakumwambia mtu. Lakini kujua, jamani, alipenda. Udadisi ulikuwa ugonjwa wake na hakuwahi kuutafutia dawa.

Sasa utauliza, mtu kama huyo aliingiaje mtandaoni kutafuta mwenzi? Upweke tu, tusizunguke mbuyu. Mumewe alikuwa amefariki miaka tisa nyuma, mwanawe wa pekee alifanya kazi mbali na kupiga simu kila Jumapili, na jioni akishafunga duka aliongea na redio. Tena aliibishia. Mdogo wake, muuguzi mstaafu ambaye kila mtu alimwita Nesi, ndiye aliyechoka kumsikia akigombana na mtangazaji wa habari, akachukua simu yake na kumwekea programu ya watu wazima wanaotafuta wenza. Na ni Nesi huyo huyo aliyekuwa wa kwanza kujuta.

Maana aliyetangulia kuja alikuwa Nahodha. Hivyo ndivyo alivyojiita. Eti nahodha wa meli ya mizigo, mjane, macho ya huruma, kofia nyeupe. Kwa miezi minne alimwamkia Bi Mkasi kila asubuhi, akamwita malkia, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka mwanamke wa watu akawa anaimba huku anapiga pasi. Kila alipoombwa simu ya video, mara kamera mbovu, mara bahari imechafuka. Mwezi wa nne kifurushi cha zawadi kikakwama forodhani, na nahodha mzima, mwenye meli na mabaharia, akawa hana hela ya kukitoa. Nesi aliusoma ujumbe ule akapiga ukelele uliowatoa majirani nje. Walipoitafuta ile picha mtandaoni, waliikuta kwenye tangazo la miwani ya jua.

Bi Mkasi hakutuma hata senti, na watu wake walimpongeza kwa hilo. Lakini asubuhi iliyofuata aliamka, akaitazama simu, hakukuta salamu, akalia. Alimlilia mtu ambaye hakuwahi kuwepo, na jambo hilo lilimtia aibu kuliko kama angeibiwa.

"Nimempenda miezi minne," alimwambia mdogo wake, "na sijui hata upana wa bega lake."

Nesi aliangua kicheko. Bi Mkasi hakucheka, kwa sababu alikuwa amejisikia akisema jambo la maana.

Tangu hapo akaweka utaratibu. Alikuwa na wateja wa mbali waliokuwa wakimtumia vipimo vyao kwa kujaza fomu aliyoichora mwenyewe, yenye mistari kumi na miwili. Sasa mwanamume yeyote aliyevuka wiki mbili za salamu alitumiwa fomu ile, na ujumbe mfupi: "Mimi ni fundi. Ukitaka nikujue, nijazie hii." Hoja yake ilikuwa kwamba mtu anaweza kudanganya jina, umri na kazi bila kutoka jasho, lakini kubuni vipimo kumi na viwili vinavyopatana ni shughuli pevu. Mwili una hesabu yake. Mmoja alijaza shingo nene kuliko paja. Wa pili alijipa kiuno cha mwanafunzi wa sekondari, na kwenye picha tumbo lake lilikuwa linamtangulia mlangoni. Wa tatu alijibu kwa maneno machafu, akafungiwa papo hapo. Na wote waliacha wazi mstari wa mgongo, au waliandika namba yoyote iliyowajia.

Nesi naye alikuwa na masharti yake. Jina la mtaa lisitajwe. Picha ya duka yenye kibao isitumwe, na hapo alikuwa na haki ya kufoka, kwa sababu dada yake alishamtumia Nahodha picha ya duka, kibao na namba ya simu vikisomeka vizuri kabisa. Hela hata ya vocha, hapana. Simu ya video, lazima. Kukutana, mchana kweupe na mbele za watu. Aliyaandika yote nyuma ya kalenda ya zahanati akaibandika ukutani juu ya cherehani, wateja wakawa wanayasoma wakisubiri zamu zao na kuongeza ushauri wao.

Ndipo akaja Mpima Ardhi.

Alisema ana miaka sitini na saba, amestaafu upimaji wa viwanja na barabara, mjane wa miaka sita, anaishi peke yake katika mji ulio mwendo wa saa mbili kwa basi. Simu ya video alikubali mara moja, ila hakujua kuishika simu. Kwa dakika kumi na tano Bi Mkasi aliongea na matundu mawili ya pua na feni ya darini. Nesi, aliyekuwa amejibanza pembeni, ilibidi ajizibe mdomo kwa kanga. Mwishowe uso mzima ulitokea, na ulikuwa ule ule wa kwenye picha, na mvi zile zile, na kovu dogo lile lile juu ya nyusi.

Kilichomvuta Bi Mkasi hakikuwa sura. Nahodha alikuwa akimsifu. Huyu alikuwa akimuuliza. Kwa nini mkono wa koti hukatwa ukiwa mpana kuliko tundu unamoingia? Hiyo ziada inakwenda wapi? Chaki ya fundi haichafui kitambaa? Naye Bi Mkasi akauliza mtu anapimaje urefu wa kilima bila kukipanda, akatumiwa mchoro uliochorwa kwa penseli, na maelezo ya kurasa mbili. Aliyaelewa. Alikaa siku nzima akijipongeza kwamba ameyaelewa.

Fomu ilirudi baada ya siku mbili. Mistari yote kumi na miwili imejazwa, kwa sentimita, na nukta zake. Shingo arobaini nukta mbili. Kifua mia moja na moja nukta tano. Kiuno tisini na nne kamili, na pembeni ameandika, "Asubuhi kabla ya chai." Bi Mkasi aliisoma fomu ile kama barua. Alipiga hesabu zake, na kila kitu kikapatana, shingo na kifua, kifua na kiuno, mkono na kimo. Huyu mtu alikuwepo. Alikuwa na mwili, na mwili ule haukuficha kitambi chake kidogo. Alifurahi, na simwoni wa kumlaumu.

Kisha kidole chake kikafika mstari wa mgongo. Arobaini na nne nukta tatu.

Hapo akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kiuno mtu hujipima. Kifua pia, akijibana vizuri. Hata mkono, kwa kuhangaika kidogo. Lakini mgongo, bega mpaka bega, hakuna binadamu anayejipima. Tepu lazima ipite nyuma, ilale kitambaani, na asimame mtu wa kuishika. Kwa miaka arobaini Bi Mkasi alikuwa amesimama nyuma ya migongo ya watu, alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Wale waongo waliacha mstari wazi au walibuni. Huyu alijaza mpaka nukta. Huyu alipimwa.

Basi mtu anayeishi peke yake, nani alimshikia tepu?

"Mkewe," alisema Nesi bila hata kuinua macho kutoka kwenye maharage aliyokuwa anachambua.

"Mkewe amefariki."

"Dada, mitandaoni kila mke amefariki. Wengine wamefariki na muda huo huo wanampikia mume chakula."

"Labda ni rafiki. Au fundi wa kwao."

"Muulize basi."

Kuuliza! Mwanamke aliyekuwa akiwauliza wateja kwa nini suruali inachanika goti la kulia tu, akashindwa kuuliza swali moja. Alijua kwa nini anashindwa. Alikuwa ameshajiapiza kwamba huyu ndiye wa mwisho. Akiwa naye ni bandia, angeifuta ile programu, angerudi kwa redio yake, na asingemfungulia mtu mlango tena mpaka kufa. Na alimtaka Mpima Ardhi awe wa kweli. Alimtaka hasa, kiasi cha kuogopa. Siku tatu alimjibu maswali yake ya ushonaji, la kwake akalimeza.

Siku ya nne asubuhi alipiga moyo konde akaandika: "Bwana Mpima, samahani kwa udadisi. Ulipojipima mgongo, nani alikushikia tepu?"

Ujumbe ukasomwa. Jibu halikuja.

Simu ililala juu ya cherehani mchana kutwa kama jiwe. Bi Mkasi alishona mkono wa koti la mteja ukiwa umegeuzwa ndani nje, kosa ambalo hakuwahi kulifanya tangu uanagenzi, enzi zile alipotoboa matundu ya vifungo vya sare miaka mitatu kabla ya kuruhusiwa kugusa kola. Aliufumua, akaushona upya, akaukosea tena. Jioni alifunga duka mapema na hakuwasha redio.

Jibu lilikuja kesho yake, naye akiwa ndiyo kwanza anafungua milango. Lilikuwa neno moja: "Ukuta."

Halafu likafuata jingine refu. "Samahani sikujibu jana, niliona haya. Hakuna mtu aliyenishikia. Nilipaka chaki kwenye ncha za mabega ya shati, nikaegemea ukuta wa sebuleni. Chaki ikaacha alama mbili ukutani, nikapima kati ya alama na alama. Nilirudia mara tatu nikachukua wastani. Kama si utaratibu wa kifundi, unisamehe, ndivyo tunavyofanya kwenye ardhi pale tusipoweza kufika."

Bi Mkasi aliusoma ujumbe mara nne. Kisha akaupeleka mbio kwa Nesi.

"Ukuta!" Nesi alipiga makofi. "Siku hizi wake wana majina mazuri."

"Inawezekana, lakini. Fikiria. Chaki inaacha alama."

"Na mtu mwerevu anaweza kukaa siku nzima akatunga hadithi ya chaki. Alikaa siku nzima, dada. Wewe mwenyewe ulihesabu."

Hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Bi Mkasi akauzungusha mkasi kidoleni. Halafu akamtazama mdogo wake kwa jicho ambalo Nesi alilijua tangu utotoni, jicho la mtu anayetaka kufungua kitu aone kilichomo.

"Hebu simama pale ukutani."

"Mimi?"

"Wewe. Na hilo gauni litafuliwa, usinililie."

Alimpaka chaki mabegani, akamsukuma ukutani kati ya kalenda ya masharti na kioo, akamtoa. Alama mbili nyeupe zikabaki. Akapima: thelathini na saba. Kisha akamgeuza, akamlazia tepu mgongoni kama anavyompima mteja yeyote: thelathini na tisa. Akarudia. Akamwita mwenye duka la jirani, bwana mnene anayeuza rangi za nyumba, naye akapakwa chaki bila kuambiwa sababu. Kisha ikawa zamu ya Bi Mkasi mwenyewe, Nesi akishika tepu. Watu watatu, mabega tofauti, na kila mara ukuta ulitoa pungufu, sentimita mbili au mbili na kitu.

Bi Mkasi alikaa chini akacheka peke yake. Bila shaka! Mgongo una mviringo. Tepu hupanda juu ya mviringo na kushuka upande wa pili, lakini ukuta hupima kama kamba iliyovutwa. Tena anayejibana ukutani hurudisha mabega nyuma.

"Nimempata," alisema.

"Umempataje?"

"Nitamshonea koti. Mgongo nitaukata arobaini na nne nukta tatu, kama alivyoandika, bila kuongeza wala kupunguza. Kama mtu alisimama nyuma yake na tepu, mgongo utakaa vizuri. Kama ni ukuta kweli, koti litambana, na litambana mgongoni peke yake. Koti halijui kumtetea mtu."

"Wewe," alisema Nesi, "ungekuwa polisi, jela zingejaa."

Kitambaa kilikuwa cha kijivu, kizito kiasi, alichokuwa amekihifadhi tangu mumewe akiwa hai. Alikikata mwenyewe na kukishona wiki mbili, katikati ya kazi za wateja, na hakumwambia Mpima Ardhi lolote. Jambo moja tu hakumwambia hata Nesi. Fundi yeyote huacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono wa mgongo, kidole kimoja hivi, ili koti likibana lifumuliwe na kupanuliwa. Bi Mkasi aliacha vidole vitatu.

Walikubaliana kukutana Jumamosi saa nne asubuhi katika mgahawa wa maktaba, kwenye mji ulio katikati ya miji yao miwili. Mwanawe aliposimuliwa Jumapili alicheka kwanza, kisha akauliza jina la maktaba, saa ya kwenda, saa ya kurudi na namba ya huyo bwana, akaandika yote. Nesi alikwenda naye basi moja lakini akaingia mgahawani peke yake, akaketi meza ya tatu nyuma ya gazeti. Ishara zilikuwa mbili. Tepu ikiwa shingoni mwa Bi Mkasi, mambo shwari. Tepu ikitoka shingoni, Nesi anakuja na mwavuli wake, na ule mwavuli ulikuwa na ncha ya chuma.

Alikuja kwa wakati. Bi Mkasi alimtambua kabla hajamwona uso, kwa vile alivyotembea, hatua sawa sawa, kama mtu anayezihesabu. Kimo kilikuwa kile kile alichoandika. Alivaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri kwa mbele na vibaya kwa nyuma.

"Bi Fundi," alisema, akasimama wima kama anayesubiri kukaguliwa.

"Bwana Mpima. Karibu. Za safari?"

"Nzuri. Kilomita hamsini na sita." Kisha akajishtukia, akacheka, na Bi Mkasi akacheka naye.

Waliagiza chai. Waliongea habari za basi, za jengo la maktaba, za ngazi zake zilizojengwa bila kulingana. Hatimaye mwanamke akaona akichelewa zaidi moyo utampasuka. Akavuta mfuko, akalitoa koti, akalikung'uta.

Mpima Ardhi alilitazama. "Ni la nani?"

"Lina vipimo vyako. Vaa."

Alilivaa. Kwa mbele lilikaa kama limemwagwa juu yake. Kola ilikumbatia shingo, mikono ikaishia pale pale kwenye kifundo, kitambi kikapata nafasi yake bila kelele. Watu wa meza ya jirani waligeuka kutazama.

"Geuka," alisema Bi Mkasi. Sauti yake ilikuwa kavu.

Akageuka. Na mgongo ulikuwa umelala vizuri. Hapakuwa na mkunjo hata mmoja.

Basi palikuwa na mtu. Mtu alisimama nyuma yake na tepu, labda sebuleni hapo hapo, labda wakicheka. Bi Mkasi alitazama mgongo ule wa kijivu ulionyooka, akaona njia nzima ya kurudi nyumbani, na redio juu ya kabati. Lakini mkono wake ulikuwa wa fundi, na fundi hamalizi kukagua mtu akiwa amesimama kama mlingoti.

"Nyoosha mikono mbele," alisema. "Kama unapokea kitu."

Akanyoosha, na koti likabana. Mikunjo ilichomoza kutoka kwapa hadi kwapa, mshono wa katikati ukavutika mpaka nyuzi zikaonekana, mikono ikapanda juu ya vifundo. Mpima Ardhi alikwama pale, mikono mbele, asiweze kuendelea wala kurudi.

"Linanibana," alisema kwa huzuni, kama mtu aliyeharibu zawadi. "Hapa nyuma. Nadhani nilikosea vipimo."

"Mahali pengine je?"

"Hapana. Hapo tu."

Bi Mkasi akafanya kile alichokifanya maisha yake yote. Alivuta tepu kutoka shingoni, akasimama nyuma ya mtu yule, akailaza mgongoni kwake, bega mpaka bega, na kuipapasa taratibu kwa kiganja ilale sawa.

Hapo ndipo gazeti la meza ya tatu lilipoanguka chini. Nesi alikuja mbio, mwavuli mbele, akipita kati ya viti. "Wewe bwana! Mwachie dada yangu!" Na kabla hajafika, kwenye meza ya dirishani akainuka mzee mwingine mwenye kofia ya sufi, naye akaja kwa kasi yake ndogo, akipaza sauti: "Mama, mwachie mdogo wangu!"

Wakasimama wote wanne wakitazamana. Mpima Ardhi bado alikuwa amenyoosha mikono.

"Ni kaka yangu," alieleza, uso umemwiva. "Alisema lazima anisindikize. Alisema mwanamke anayeomba vipimo vya mwili kwa mtu asiyemjua lazima awe tapeli."

"Na bado sijaridhika," alisema mzee wa kofia.

Nesi alimtazama juu mpaka chini, akashusha mwavuli. "Kaa pale, mzee wangu," alisema. "Tuwachunge pamoja." Wakaenda kuketi meza ya tatu, na baada ya muda mfupi walikuwa wakigombea gazeti.

Bi Mkasi alirudisha tepu mgongoni. Chini ya kiganja chake alihisi mabega ya mtu yule yakitetemeka.

"Nimekuumiza?"

"Hapana." Hakugeuka. "Ni miaka sita sasa. Hakuna mtu aliyesimama hapo."

Bi Mkasi alijibu kwa kuipapasa tepu mara ya pili, ingawa ilikuwa imeshalala.

"Ngapi?" aliuliza Mpima Ardhi.

"Arobaini na sita na nusu."

"Lo! Sentimita mbili na zaidi. Na nilirudia mara tatu." Alitikisa kichwa. "Basi koti limeharibika."

"Halijaharibika. Kitambaa kipo ndani ya mshono, nitafumua. Niliacha vidole vitatu."

Akageuka sasa, polepole kwa sababu ya koti, na usoni pake palikuwa na lile swali ambalo Bi Mkasi alishalizoea kwenye simu.

"Kawaida mnaacha vingapi?"

"Kimoja."

"Sasa kwa nini vitatu?"

Mwanamke aliyewauliza watu maisha yake yote akatazama chini, akaikunja tepu, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kwa sababu nilikuwa naomba," alisema, "iwe ni ukuta kweli."